Nendeni Tu, Msihangaike

Harith hakukosa marafiki London kwa sababu ya baridi, wala ubaguzi, wala Kiingereza. Alikosa marafiki kwa sababu ya adabu. Adabu zile zile alizotiwa na mama yake kule Wete, Pemba, nyingine kwa maneno na nyingine kwa kofi, ndizo zilizomwacha amesimama kwenye korido ya chuo wiki ya kwanza ya masomo, koti kalifunga mpaka kidevuni, akiwatazama wenzake wakitoka kwenda kula.

Na si kwamba hawakumuuliza. Hemal, kijana wa Kihindi kutoka Kenton aliyekuwa akikaa naye dawati moja la maabara, aligeuka kabisa akamwambia wanakwenda kula baga ng'ambo ya barabara, je, anakuja? Harith hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Akajibu kama alivyojibu maisha yake yote anapokaribishwa: nendeni tu, msihangaike. Kisha akatabasamu, akangoja.

Maana mtu aliyelelewa, akikaribishwa mara moja, haruki kama kuku aliyetupiwa mtama. Hukataa. Mwenyeji hukazana: njoo bwana, unatuonea haya? Mgeni hukataa tena, ila safari hii kwa sauti ya chini. Mara ya tatu mwenyeji humshika mkono, mgeni huinuka huku akilalamika kwamba anasumbua watu, na wote wawili wanakwenda zao wameridhika. Harith alikuwa amekwisha kujiandaa kwa mara ya pili. Alikuwa hata amechagua maneno.

"No worries!" alisema Hemal, akasukuma mlango, akapotea.

Maneno hayo mawili Harith alikuja kuyachukia kuliko mvua ya nchi ile. Aliyasikia walipokwenda kuteleza kwenye barafu. Aliyasikia kila Alhamisi walipokwenda kucheza mpira chini ya taa, naye akiwa na viatu vyake vya mpira ndani ya begi, kwa sababu kila Alhamisi alivibeba kwa matumaini. Aliyasikia walipokodi basi dogo kwenda Brighton kuona bahari, yeye mtoto wa pwani ambaye alikuwa hajaona bahari tangu apande ndege. "Nitawabaneni," aliwaambia. Wakamwamini! Wakaenda bila yeye, wakarudi na picha.

Baadaye wakaacha hata kumuuliza. Walimchukulia kuwa ni mtu mkimya, anayependa kuwa peke yake. Msichana mmoja darasani alimwambia kwa upole kabisa kwamba anamheshimu sana kwa jinsi anavyojua kulinda mipaka yake. Mipaka gani? Harith alikwenda chooni, akajifungia, akakaa hapo akiviangalia vile viatu vyake vya mpira ndani ya begi. Alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba hakuwa na wa kumtupia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Nyumbani kwake ilikuwa Hounslow, kwa Bi Zuwena, ambaye hakuwa ndugu wa damu ila alisoma darasa moja na mama yake Harith huko Wete, na hilo lilitosha. Alimpokea uwanja wa ndege kwa udi na machozi, akampa chumba kidogo cha juu, kile cha kuwekea masanduku. Masanduku yenyewe yalibaki humo humo. Harith alilala katikati yao, ndege zikipita juu ya paa moja nyuma ya nyingine, na kila asubuhi alisafiri kwa treni mpaka usingizi unamwisha.

Bi Zuwena alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa mzito. Hakuwa akila mpaka Harith arudi. Saa ambayo wanafunzi wenzake wanaulizana leo twende wapi, simu yake inalia: "Mwanangu, uko wapi? Chakula kinapoa." Basi anakimbilia treni. Akifika anawakuta mezani, Bi Zuwena, mumewe Mzee Shiraz anayefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, na binti yao Ilham, mwenye miaka tisa, wote wanamngoja, sahani zimefunikwa. Hapo akisema ameshiba hakuna anayemsikiliza. Sahani inajazwa. Akikataa inajazwa tena. Katika London nzima, Harith alijiambia, palikuwa na nyumba moja tu iliyomwelewa, na ndiyo aliyokuwa akitamani kuhama.

Alitaka kuishi karibu na chuo, na vijana wenzake. Alitaka kutoka jioni bila mtu kulala njaa kwa ajili yake. Na mwezi wa pili ulipoingia, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoanza kutafuta nyumba za mwaka unaofuata, akasikia kwamba Hemal na Serge, mwenzao wa darasani, wamepata nyumba Camberwell, basi moja tu mpaka chuoni. Vyumba vitatu vilikuwa na wenyewe: Hemal, Serge, na Mkenya mmoja aitwaye Valentine. Cha nne hakikuwa na mtu. Tangu siku hiyo Harith akawa hana jingine kichwani. Alikifikiria chumba cha nne ndani ya treni, alikifikiria kwenye sala, Mungu amsamehe.

Ndipo Hemal akawaalika watu wote kwao Kenton siku yake ya kuzaliwa. Mwaliko ulitumwa kwenye simu, kwa kila mtu kwa pamoja, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yake wa kumkatalia, Harith alikwenda.

Huko jikoni alimkuta nyanya yake Hemal, Bibi Madhu, aliyezaliwa Kisumu, akaondoka akiwa mama wa watoto, na Kiswahili chake hakikuwahi kumtoka. Kilibaki vile vile cha dukani Kisumu. Alipojua Harith ametoka Pemba alimvuta kiti.

"Wewe kula."

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

"Shiba gani? Kula mogo hii. Moto."

"Kweli bibi, msihangaike."

"Nani nahangaika? Mimi nakaa hapa tu. Mkono yako iko wapi? Leta."

Akamwekea muhogo wa kukaanga mkononi, juu yake kachori, juu ya kachori chatne, na Harith akala mpaka macho yakamtoka maji kwa pilipili na kwa raha. Hemal alipita akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba huwa hawezi kumlisha mtu huyu hata bisi. Bibi Madhu alimtazama mjukuu wake, akatikisa kichwa, akamwongeza mgeni kachori nyingine bila kumjibu.

Kwa hiyo Serge alipomkuta bustanini baadaye, Harith alikuwa amelainika. Serge alizaliwa Bukavu, akaletwa Croydon akiwa mdogo, na Kiswahili chake alikiokota nyumbani kwa mama yake, Marie-Claire, anayetunza wazee. Darasani walisemeshana Kiingereza. Lakini jioni ile, labda kwa kuwa nyumba nzima ilinukia pilipili na mafuta ya moto, Serge alimsemesha kwa Kiswahili.

"Harith, unajua ile nyumba yetu ya Camberwell? Chumba moja haina mutu. Weye unaitaka?"

Hicho ndicho chumba Harith alichokifikiria hata kwenye sala. Na ni Kiswahili hicho kilichompoteza. Angeulizwa kwa Kiingereza, nadhani angesema ndiyo, maana miezi ile yote ilikuwa imeanza kumfundisha. Lakini swali lilikuja kwa lugha ya nyumbani, naye akaona basi na adabu za nyumbani zimekuja pamoja nalo. Akaona aibu kurukia. Akainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Aa, mimi ntakubaneni bure," alisema. "Tafuteni mtu mwengine."

Kisha akangoja, kifua kimemjaa.

"Bon, sawa," alisema Serge, akampiga bega kwa upendo, akarudi ndani kwenye muziki.

Harith hakuhangaika mara moja. Alijiambia Serge amekwenda kuzungumza na wenzake, watarudi wote watatu kumshawishi. Jambo kubwa kama nyumba haliulizwi mara ya pili papo hapo. Jumapili nzima alikaa na simu mapajani. Alipokuwa akioga alijizoeza jibu la mara ya tatu, lile la kukubali, akalisema kwa sauti mpaka Ilham akagonga mlango kuuliza anazungumza na nani. Je, kwa nini asimpigie Serge mwenyewe, akamwambia nakitaka? Mwulize yeye. Angejibu kwamba heri kufa kuliko kujipendekeza.

Jumatatu, kwenye mkahawa wa chuo, alimkuta Hemal anamfundisha kijana mmoja mwenye kilemba njia ya basi la kwenda Camberwell. Kijana huyo aliitwa Rupinder. Walikuwa wameshasaini mkataba wa nyumba, wote wanne.

Harith alimvuta Serge pembeni. Hapo ndipo mwishowe hasira ya miezi yote ile ikapata pa kutokea.

"Hukuniuliza mara ya pili!"

"Mara ya pili?" Serge alishangaa kweli. "Juu ya nini?"

"Mtu anaulizwa mara moja? Kitu kama nyumba, Serge? Mara moja?"

"Harith, weye ulikatala. Ulisema tafuteni mutu mwengine. Mi nikatafuta."

"Nilisema kwa adabu!"

Serge akavuta kiti. Akakaa chini, akajishika kichwa, na polepole uso wake ukaanza kuelewa.

"Ah, mama yangu pia iko vile," alisema. "Akikatala chai, iko na kiu. Lakini ndugu yangu, mi nilikulia Croydon. Huku mutu akisema hapana, ukimuuliza tena unakuwa unamusumbua. Mi nilikuheshimia!"

"Mlikuwa mnaniheshimu siku zote hizi?"

"Siku zote."

Walitazamana. Ingekuwa siku nyingine wangecheka, lakini Harith alikuwa ameumia sana na hakuona cha kuchekesha. Aliwakumbuka wote, wa barafu, wa mpira na wa Brighton, wakimheshimu mmoja mmoja na kumfungia mlango. Akamwambia Serge kwaheri vizuri tu, kwa kuwa kosa halikuwa lake, na hilo nalo lilimwudhi.

Ndani ya treni ya kurudi Hounslow akajiapia. Kuanzia leo, akiulizwa mara moja, atajibu mara moja, na jibu litakuwa ndiyo. Hatazungusha tena. Watu wamnyooshee kidole waseme mtoto wa Pemba hana haya. Haya imempa nini? Wiki nzima akajizoeza. Mhudumu wa maktaba alimuuliza kama anahitaji msaada, akasema ndiyo, ingawa hakuhitaji. Mwalimu aliuliza nani atajitolea kuwaonyesha wageni maabara, akasema mimi. Alijisikia mtu mpya, mwenye hasira lakini mpya.

Jumapili Bi Zuwena alipika wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Nguru alitoka kwenye barafu, nazi ilitoka kwenye kopo, lakini mkono ulikuwa wa Wete, na nyumba ilinukia mpaka barabarani. Walikaa wote wanne. Mzee Shiraz alisema bismillahi, akaanza. Bi Zuwena, upawa mkononi, alimtazama Harith kwa jicho la mama.

"Ehe, mwanangu. Na mwaka wa pili huo unaokuja, si utakaa hapa hapa na sisi? Hapa ni kwenu."

Alilisema kwa wepesi, huku akichota mchuzi. Ilikuwa ni "karibu" ile anayoambiwa hata mpita njia akikukuta unakula; wapita njia wakiikubali, kila nyumba ya Pemba ingelala njaa. Na jibu lake analijua kila mtoto. Unasema: ahsante mama, nimeshakusumbueni vya kutosha. Mwenyeji anasema: usumbufu gani! Na maisha yanaendelea, mgeni akahama kwa amani muda wake ukifika.

Lakini Harith alikuwa ameulizwa mara moja.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ahsante. Ntakaa."

Upawa ulisimama hewani. Tone la mchuzi likaanguka juu ya kitambaa cha meza, na Bi Zuwena, ambaye kwa kawaida angeruka kulifuta, hakulitazama. Mzee Shiraz akainamia sahani yake akawa anatafuta miba kwenye kipande kisicho na miba.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zuwena. "Tumefurahi, mwanangu. Karibu sana." Akachota mchuzi tena, ingawa upawa ulikuwa bado umejaa.

Ilham alikuwa na mdomo umejaa wali, na Kiswahili alikisikia chote ingawa hakukisema. Akameza.

"But Mummy, that's Bibi's room," alisema. "You told her he'd be gone."

"Ilham! Kula!"

Hakuna kilichobaki cha kuficha. Bibi huyo ni mama yake mzazi Bi Zuwena, haoni vizuri, yuko peke yake Wete, na mwezi wa saba analetwa Hounslow. Pa kumlaza ni chumba cha masanduku. Walishakubaliana mume na mke, walishapanga kununua kitanda. Walikuwa wakingoja tu Harith aage mwenyewe, kama mgeni yeyote aliyelelewa, ili asije akasikia amefukuzwa.

Harith alihisi uso unamwaka. Alitamani sakafu ifunguke.

"Mama, samahani," alisema. "Nimesahau. Kuna wenzangu wa chuo tunatafuta nyumba. Sitakuwapo."

"Hapana, utakaa," alisema Bi Zuwena, na sasa alikuwa amefufuka, maana hapa alikuwa anaijua njia. "Umeshasema utakaa. Bibi atalala na Ilham."

"Haiwezekani, mama. Bibi apate chumba chake."

"Basi wewe utalala sebuleni. Sofa inakunjuka. Mwana wa mwenzangu nimtoe mimi? Nitamwambia nini mama yako?"

"Wallahi mama, sikai. Nimeshaamua. Nahama."

Bi Zuwena akaweka upawa chini. Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kama umeshaamua mwenyewe, mimi siwezi kukushikilia."

Mara tatu alikataa, mara mbili alishikwa, mara ya tatu akaachiwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza adabu ilikwenda sawasawa kama alivyofundishwa, na ikamtoa nje. Mzee Shiraz akaona sasa anaweza kunywa maji.

Wakaendelea kula. Harith alimaliza sahani upesi kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono. Bi Zuwena akainua kifuniko cha sufuria, kijiko cha wali kikiwa tayari, kama kila siku.

"Nikuongeze?"

"Nimeshiba, mama."

Kijiko kikabaki pale pale. Bi Zuwena akamtazama usoni, akitafuta, na Harith akaona kwamba amekwisha kumharibu. Mama huyu, ambaye hajawahi kumwamini mtu anayesema ameshiba, sasa hakujua tena.

"Umeshiba kweli?" aliuliza. "Au unasema tu?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika nyumba ile. Harith akalipima. Akisema hapana, ameomba chakula mbele ya watu aliowatia aibu sasa hivi. Akisema ndiyo, ni uwongo, na tumbo lake lilikuwa likimwita.

"Kweli," alisema.

Bi Zuwena akarudisha kifuniko.

Chumbani, katikati ya masanduku, Harith alikaa kitandani. Ndege ikapita. Akachukua simu akatafuta vyumba vya kupanga, akakuta matangazo ya watu wanaotafuta mpangaji mkimya, asiye na wageni, anayependa kuwa peke yake. Akaifunga. Kisha akamwandikia Serge, bila salamu: "Huyo Rupinder akijitoa, au mkipata hata stoo ya kuwekea mafagio, nipeni. Msiniulize. Hata nikikataa nipeni." Serge akajibu kwa picha ya kidole gumba. Ukafuata ujumbe: Rupinder ameshanunua mapazia. Harith akatupa simu juu ya sanduku, akajilaza, akaanza kuhesabu makosa ya kila mtu isipokuwa yake, na haikumsaidia.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Ilham, amebeba sahani kwa mikono miwili, amekunja uso asije akamwaga: wali umepanda mlima, na juu yake kichwa cha nguru, kile ambacho siku zote ni cha Mzee Shiraz.

"Nimeshiba, Ilham," alisema Harith. Yalimtoka yenyewe.

Ilham hakusimama. Aliweka sahani juu ya magoti ya Harith, akamtilia kijiko mkononi.

"Mum said I'm not to ask you," alisema. "She said just give it."

Akatoka, akavuta mlango. Chini, Harith alisikia hatua za mtoto zikishuka, na sauti ya Bi Zuwena ikiuliza kwa wasiwasi: "Amechukua?"

Akala wali wote, na kichwa cha nguru, kwa hasira.